Kwa mnaoanza uchumi na kazi za chuo: mjueni Arthur Lewis mtu mwenyewe kabla hamjakariri modeli yake

Wadogo zangu mnaoripoti chuo mwaka huu kusoma uchumi, na nyie mliomaliza na GPA nzuri mkabakizwa idarani kama ma-TA (walimu wasaidizi), hii naandika kwa ajili yenu. Nimefundisha uchumi mwaka wa kwanza kwa muda mrefu, alafu baadae nikavutwa ofisi ya mipango ya chuo ambako kazi ni bajeti, namba za udahili, vikao na mihutasari ya vikao, kwa hiyo nimeona darasa na nimeona jengo la utawala, na kuna maswali mawili naulizwa kila muhula. La kwanza, uchumi unanipeleka wapi kama sitaki benki. La pili linatoka kwa walimu vijana, mbona mtu mwenye PhD yake anaenda kuwa rasi (mkuu wa chuo kishiriki) au makamu mkuu wa chuo na kuacha utafiti, si anajipoteza tu.

Yote mawili huwa nayajibu kwa mtu mmoja, Sir William Arthur Lewis, mchumi wa Karibiani aliyepata Nobel ya uchumi 1979. Wengi wenu mtakutana nae kwenye kozi ya uchumi wa maendeleo kama mchoro wa sekta mbili, mstari wa mshahara umelala bapa na mstari mwingine unashuka, mtaukariri kwa ajili ya UE (mtihani wa mwisho wa muhula) alafu basi, kwisha. Mimi nataka mumjue kabla ya mchoro, maana maisha yake yana mafunzo ya kazi ambayo kwenye desa, zile notsi za kukariri, hamtayakuta.

Alizaliwa Castries, Saint Lucia, tarehe 23 Januari 1915. Saint Lucia ni kisiwa cha Karibiani ambacho kwa ukubwa hakifiki hata nusu ya Unguja, wakati huo koloni la Mwingereza, uchumi wake miwa na mazao mengine ya shamba. Wazazi wake wote walikuwa walimu waliohamia pale kutoka Antigua. Alipokuwa na miaka saba akaumwa akawa haendi shule, baba yake akasema huyu hatabaki nyuma, akawa anamfundisha nyumbani kila siku, na ndani ya miezi mitatu mtoto akawa ameshika masomo ya miaka miwili, akarudi shule akarushwa kutoka darasa la nne kwenda la sita. Mwenyewe alikuja kuandika kwamba kukaa darasa moja na watoto wanaomzidi miaka kulimfanya ajione dhaifu kimwili, na kulimfundisha mapema kitu ambacho hakikumtoka maisha yake yote, kuwa maksi kubwa sio kila kitu. Na anayesema hivyo ni mtu ambaye maksi kubwa alikuwa nazo siku zote, kwa hiyo sio kauli ya kujifariji.

Mwaka huohuo wa saba baba yake akafariki. Mama yake, Ida, akabaki na watoto watano wote wa kiume, akawalea akawasomesha. Lewis aliandika kwamba shuleni alipokuwa anawasikia wavulana wenzake wanasema wanaume ni bora kuliko wanawake, alikuwa anawaona kama wamechanganyikiwa, kwa sababu yeye nyumbani alikuwa anaona kwa macho yake ni nani anabeba familia. Nawatajia hili kwa sababu kwenye madarasa yetu ya uchumi bado kuna mabinti wanakaa nyuma kimya kwenye semina, na vijana wa kiume wanawakatiza wakiongea, na hiyo tabia ikome, kabisa.

Sasa hapa ndipo panaponigusa mimi mtu wa ofisi. Akiwa na miaka 14 alishamaliza mtaala wote wa sekondari, lakini mtihani wa kugombea skolashipu ya serikali ya kwenda chuo Uingereza ulikuwa na umri wake, ikabidi asubiri mpaka 1932. Akaajiriwa karani serikalini. Mtoto wa miaka 14, kichwa kikali kuliko shule nzima, anafungua mafaili. Na kwenye maelezo aliyoyaandika alipopata Nobel anasema ile kazi haikupotea bure, ilimfundisha kuandika, kupiga taipu, kupanga mafaili na kuwa mtu wa utaratibu. Anaongeza kwamba gharama yake ilikuwa kukosa kusoma historia na fasihi vya kutosha kwenye umri ambao ndio hasa wa kusoma vitu hivyo.

Naomba msome hapo mara mbili, maana kuna mambo mawili yanayohusu maisha yenu ya chuo moja kwa moja. Nikianza na hilo la ukarani, nyie ma-TA mnadharau sana kazi ndogo. Mkiambiwa andika muhtasari wa kikao cha idara mnaona mnadhalilishwa, mkiambiwa panga matokeo ya wanafunzi kwenye Excel vizuri mnasukuma tu ilimradi yaende, mnasema mimi niko hapa kwa ajili ya utafiti. Nimekaa kwenye vikao vingi na nawaambia ukweli, mtu anayeweza kuandika ukurasa mmoja unaoeleweka, wenye namba zinazojumlishika, akautuma siku moja kabla ya kikao, huyo ndiye anayesikilizwa hata kama ni mdogo kuliko wote pale mezani, na wakubwa wanamkumbuka nafasi ikitokea. Kama umepelekwa fildi ukaishia masijala unapokea barua, usikae unachati na simu, angalia jinsi faili linavyotembea, nani anaandika nini pembeni, uamuzi unachukuliwa wapi na unakwama wapi. Uchumi wa serikali unafanyika humo ndani ya mafaili.

Na hilo la historia na fasihi, someni vitu vya nje ya kozi sasa hivi mkiwa na muda, riwaya, historia ya nchi zenu, chochote. Mkishaanza kazi huo muda hauji tena. Yeye aliushinda upungufu wake baadae akawa mmoja wa wachumi waliojua historia ya uchumi wa dunia vizuri sana, lakini aliona wazi kwamba alichelewa.

Skolashipu akaipata. Alitaka kuwa injinia. Akaangalia akaona hakuna maana, serikali ya kikoloni haimwajiri injinia mweusi na makampuni ya wazungu hayamwajiri pia. Uwakili hakuupenda, udaktari na ualimu pia hapana. Akaona kwenye maelezo ya London School of Economics (LSE) kuna digrii ya biashara, ina uhasibu, takwimu, sheria za biashara, na kitu kinaitwa uchumi ambacho mwenyewe anasema hakuwahi kukisikia na pale Saint Lucia hakuna aliyekuwa anajua ni nini. Akaenda London 1933, akamaliza 1937 na daraja la kwanza, 1938 akapewa nafasi ya kufundisha palepale akawa mtu mweusi wa kwanza kwenye walimu wa LSE, PhD akaipata 1940.

Kwa hiyo wewe uliyepangiwa uchumi na mfumo wa udahili huku ulitaka kitu kingine, na najua mko wengi, usijione umetupwa. Mtu aliyekuja kuchukua Nobel ya uchumi aliingia uchumi kwa sababu mlango wa uinjinia ulifungwa kwa ubaguzi. Sisemi ubaguzi ule ulikuwa mzuri kwa sababu matokeo yamekuwa mazuri, hapana, ulikuwa uovu tu. Nachosema ni kwamba alipofika darasani hakukaa miaka minne analilia uinjinia, alisoma kile kilichokuwa mbele yake kwa nguvu zote.

Kuna tukio la LSE baada ya vita ambalo huwa nawaambia walimu vijana wote. Friedrich Hayek, ambaye wakati huo alikuwa anakaimu uongozi wa idara, alimwambia Lewis afundishe kozi ya kilichotokea kwenye uchumi wa dunia kati ya vita vikuu viwili. Lewis akajibu sijui kilichotokea. Hayek akamwambia njia nzuri ya kujifunza jambo ni kulifundisha. Akaingia kazini, na 1949 kikatoka kitabu chake cha uchumi wa dunia 1919 mpaka 1939. Kumbukeni hawa wawili kwenye siasa za uchumi walikuwa mbali mno, Hayek mtu wa soko huria, Lewis kijana wa mrengo wa Fabian, wajamaa wa Uingereza wa mabadiliko ya polepole, aliyekuwa ameandika 1939 kijitabu cha kutetea wafanyakazi wa Karibiani waliogoma. Lakini mmoja aliona kipaji cha mwenzie akampa kazi. Kwa hiyo TA ukipewa kozi usiyoijua usikimbie kulalamika kwa mkuu wa idara, omba orodha ya vitabu uanze usiku huohuo, alafu wanafunzi waambie ukweli pale ambapo bado unasoma, wanakuheshimu zaidi.

Mwaka 1948 akawa profesa kamili Manchester, ana miaka 33, profesa mweusi wa kwanza kwenye chuo kikuu cha Uingereza. Na pale hakujifungia, alisaidia kuanzisha kituo cha masomo ya jioni na nyumba ya jamii kwa ajili ya watu weusi wa Moss Side na Hulme, wengi wao wafanyakazi waliokuwa wanabaguliwa kwenye kazi na nyumba. Profesa kazini mchana, jioni anahangaika na kituo cha mtaani. Nawataka muone kwamba uzoefu wake wa kuongoza ulianzia huko, kwenye kutafuta chumba, kutafuta walimu wa kujitolea, kuandika barua za kuomba pesa, kabla hajafika kwenye ofisi yoyote ya rasi.

Sasa tuje kwenye modeli yenyewe, maana ndiyo mtakayoulizwa na mimi nataka muielewe kwa macho yenu. Makala ilitoka Mei 1954 kwenye jarida la Manchester, inahusu maendeleo ya uchumi pale ambapo nguvukazi haina kikomo. Mwenyewe anasimulia kwamba wazo lilimjia Agosti 1952 akiwa anatembea barabarani Bangkok, alikuwa amekaa na maswali miaka mingi yanamsumbua, ghafla akaona kwamba akiachana na dhana moja tu ya vitabu, ile ya kwamba idadi ya wafanyakazi ni kitu kilichokwisha pangwa na ni haba, basi maswali yake yanafunguka. Watu wanapenda hii habari ya ghafla. Mimi nawaambia angalieni ile miaka kabla ya ghafla, alikuwa ameshafundisha, ameshasoma takwimu za dunia, ameshafanya kazi ya kamati ya uchumi ya Wizara ya Makoloni mpaka akajiuzulu 1944 alipoona ushauri wao hauchukuliwi. Bangkok ilimkuta na mzigo tayari.

Hoja yenyewe ni hii. Nchi maskini ina sehemu ndogo ya uchumi inayotumia mtaji, viwanda, migodi, mashamba makubwa, na ina sehemu kubwa sana ya watu wanaojitafutia riziki, wakulima wadogo wenye ardhi iliyogawanyika mpaka basi, wachuuzi, vibarua wa bandarini, watumishi wa ndani. Lewis aliwataja hata wale vijana wanaokukimbilia ukishuka ili wakubebee begi. Nenda standi yoyote kubwa ya mabasi ushuke na mizigo yako, utaona ukurasa wa makala ya 1954 unakukimbilia ukiwa hai. Vijana kumi wanagombania begi moja, ukiwaondoa watano begi linabebwa vilevile. Hapo ndipo mstari unapolala bapa, kwa sababu kiwanda kikifungua geti kinapata watu kwa mshahara uleule, uliozidi kidogo kipato cha kule walikotoka, yeye alisema mara nyingi pengo ni asilimia 30 au zaidi, na kinaweza kuendelea kuajiri muda mrefu bila mshahara kupanda. Faida inabaki kwa mwenye mtaji, akiirudisha kwenye uzalishaji ajira zinaongezeka, mpaka siku ile ziada ya watu inaisha ndipo mishahara inaanza kupanda kwa kweli. Na swali lake kuu lilikuwa, nchi iliyokuwa inaweka akiba na kuwekeza asilimia 4 au 5 ya pato la taifa inafikaje asilimia 12 mpaka 15.

Lakini sehemu ambayo wengi hamfundishwi vizuri ni ile ya biashara na nje, na kwetu sisi wa kahawa, katani, korosho na chai ndiyo yenye moto. Lewis aliuliza kwa nini mtu wa kitropiki anauza kahawa yake kwa bei ya chini kulinganisha na chuma anachonunua. Jibu lake, bei ya zao la kitropiki inaamuliwa na mkulima yule angepata kiasi gani kama angelima chakula badala ya zao la biashara. Kama kilimo cha chakula kina tija ndogo, basi atakubali kulima kahawa au miwa kwa malipo kidogo, na hata kama tija ya miwa itapanda sana faida inaenda kwa mnunuzi kwa njia ya bei kushuka. Akatoa mfano wa wafanyakazi wa miwa, sekta iliyoongeza tija mno, lakini wao bado wanatembea pekupeku na kulala kwenye vibanda, wakati wakulima wa ngano wa nchi tajiri ni kati ya watu wanaoishi vizuri duniani. Huyu ni mtoto wa kisiwa cha miwa anaongea, hilo swali hakulipata kwenye kitabu cha London. Alilibeba kutoka nyumbani.

Ndio maana nawasumbua kila mwaka, njooni na maswali ya kwenu. Unatoka Njombe unajua viazi, unatoka Mtwara umeona msimu wa korosho na madeni ya pembejeo, unatoka Mombasa umekua unaona bandari, alafu unakuja kuandika risechi ya mwaka wa tatu kuhusu soko la hisa la New York kwa sababu data zinapatikana kirahisi. Ukiwa na swali ambalo limekukera tangu utotoni utavumilia kulisoma miaka kumi, lakini la kuazima likikugomea kidogo tu utaliacha.

Msidhani pia kwamba ukiwa na modeli kila mtu anapiga makofi. Theodore Schultz, mchumi wa chuo cha Chicago, alipinga kabisa habari ya watu wa ziada wasioongeza chochote shambani, kwenye kitabu chake cha 1964 akatumia data za India baada ya janga la homa ya 1918 na 1919 kuonyesha kwamba watu walipokufa na eneo lililolimwa lilipungua. Na kule nyumbani Karibiani vijana wa chuo walimsema kwamba mpango wake wa kualika mitaji ya nje kujenga viwanda visiwani ni kuuza nchi. Wengine wa hoja hizo walikuwa na hoja kweli, mimi naona kwenye suala la mitaji ya nje aliwaamini wageni kupita kiasi. Ila 1979 Nobel ya uchumi wakapewa watu wawili kwa pamoja, na hao wawili ni Lewis na Schultz, mtu na mpinzani wake. Mkiwa kwenye semina mtu akakuvunjia hoja yako, hajakutukana, kaa chini uandike alichosema.

Haya, uongozi. 1957 Ghana imepata uhuru, Kwame Nkrumah anamtaka Lewis awe mshauri wake wa uchumi kupitia Umoja wa Mataifa. Tayari 1953 alishawaandikia ripoti ya viwanda akasema anzeni na tija ya kilimo cha chakula kwanza ndipo viwanda, mnaona mstari uleule wa fikra. Akafika Accra, akakuta miradi ya kisiasa, kila mtu anataka chake kiingie kwenye mpango wa maendeleo. Nkrumah alimwandikia kwamba ushauri wako unaweza kuwa sahihi lakini ni wa kiuchumi tu, mimi ni mwanasiasa na lazima nibahatishe juu ya kesho. Mwisho wa 1958 Lewis akaondoka. Hakubaki pale anasaini vitu asivyoviamini ili aendelee kula posho, na hakwenda kumtukana mwenyeji wake magazetini pia. Mtaajiriwa wizarani, mtaandika ushauri mzuri usifuatwe, hiyo ni kawaida ya kazi, waliochaguliwa ndio wanaoamua. Lakini jueni mapema ni kitu gani mkilazimishwa kukiandika mtaondoka, ukisubiri siku yenyewe ifike ndio ufikirie utakuta mkopo wa nyumba unafikiri kwa niaba yako.

1959 akawa rasi wa University College of the West Indies pale Mona, Jamaica, mtu wa kwanza wa Karibiani kushika kiti hicho. Chuo kile kilianza 1948 na digrii zake zilikuwa za University of London, utaratibu uleule wa Makerere ya wakati ule, na chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa 1961 nacho kikaanza hivyohivyo. Alikikuta kidogo, wanafunzi mia chache, chuo cha bweni cha watu wachache kwa visiwa vyenye mamilioni ya watu. Yeye akakiangalia kama mchumi. Nchi inataka walimu wangapi, mainjinia wangapi, wataalamu wa kilimo wangapi, gharama ya mwanafunzi mmoja ni kiasi gani, na ukiongeza idadi inashuka vipi. Chuo cha kilimo cha tropiki cha Trinidad kikaunganishwa 1960 kikawa kampasi ya St Augustine, uinjinia ukaanza kufundishwa pale miaka hiyohiyo ya mwanzo wa 1960, na kampasi ya Barbados ikafunguliwa 1963. Mtu aliyenyimwa uinjinia kwa rangi yake, chini ya uongozi wake vijana wa Karibiani wakaanza kusomea uinjinia nyumbani kwao. Mimi hapo huwa nasimama kidogo nikifundisha.

1962 chuo kikapata hati yake na kuwa University of the West Indies, kinatoa digrii zake chenyewe, Lewis akawa makamu mkuu wa kwanza. Na mwaka huohuo shirikisho la kisiasa la visiwa vile likavunjika, Jamaica ilishapiga kura ya kutoka 1961, Trinidad ikafuata. Hebu fikiria uko kwenye kiti, chuo chako kinamilikiwa na nchi nyingi na nchi zenyewe zimegombana, kila waziri mkuu anaweza kusema nachukua kampasi yangu. Lewis alizunguka visiwani kujaribu kuokoa shirikisho la nchi nane zilizobaki, akashindwa, akaja kuandika 1965 jinsi lilivyokufa. Lakini chuo hakikugawanywa. Kipo mpaka leo, kinachangiwa na serikali nyingi za Karibiani. Sisi Afrika Mashariki tulikuwa na University of East Africa kuanzia 1963, Makerere, Nairobi na Dar es Salaam chini ya mwavuli mmoja, 1970 tukagawana kila mtu chake. Sibezi uamuzi ule, kila nchi ilitaka kukuza watu wake na vyuo vyote vitatu vimekua vikubwa, ila mnaposoma historia ya vyuo vyetu wekeni hizi hadithi mbili pembeni kwa pembeni muulize wenzetu waliwezaje. Sehemu kubwa ya jibu ipo kwenye kazi isiyoonekana, fomula ya nani anachangia kiasi gani, kitivo gani kiwekwe kisiwa gani ili kila mmoja aone ana kitu chake, barua baada ya barua, kikao baada ya kikao.

Kuna uzi mwingine unaotufikia moja kwa moja. Kati ya wanafunzi wa Mona wakati Lewis anaongoza alikuwepo kijana wa Guyana anaitwa Walter Rodney, alimaliza historia 1963 na daraja la kwanza, na ndiye aliyekuja kufundisha Dar es Salaam miaka ya 1960 na 1970 akawasha moto kwenye kumbi za mlimani. Kifikra Rodney na Lewis walikuwa mbali sana. Chuo kizuri kinatoa watu wasiofanana na mkuu wake.

Kwa hiyo ukiniuliza tena mbona mchumi anaacha utafiti anaenda utawala, naona Lewis hakuacha uchumi alipokaa kwenye kile kiti, alikuwa anaufanya kwa pesa za kweli na watu wa kweli. Lakini pia hakung'ang'ania. 1963 akapewa cheo cha Sir, na mwaka huohuo akaondoka kwenda Princeton kufundisha, akawa profesa kamili wa kwanza mweusi pale. 1970 akarudi Karibiani kuanzisha Benki ya Maendeleo ya Karibiani kule Barbados akiwa rais wake wa kwanza, alipoisimamisha miguu yake akarudi darasani. Anaingia, anajenga, anakabidhi. Kwenye vyuo vyetu mtu akishaonja ukuu wa idara anauguza ule mkataba kama kidonda, kuutoa anaona atakufa, na kwa uzoefu wangu watu wa namna hiyo utafiti wao huishia hapohapo na ofisi pia hainufaiki.

Akiwa Princeton 1969 aliandika jambo lililowaudhi wengi. Wanafunzi weusi Marekani walikuwa wanadai idara zao za masomo ya watu weusi. Lewis aliwaambia historia yenu muijue, lakini nafasi za juu za uchumi wa nchi zinafunguliwa kwa uhandisi, udaktari, sheria, biashara, nendeni mkakae humo kwa idadi yenu mnayostahili. Mimi nadhani hakuzitendea haki sana idara zile, zimezaa elimu kubwa ambayo isingepatikana kwingine. Lakini kwa kijana anayetoka familia isiyo na mtu, anayesubiri bumu, pesa ya mkopo wa chuo, ndio ale, ushauri wa kusoma kitu kigumu chenye soko mimi naendelea kuutoa bila aibu.

Sasa cha kufanya muhula huu. Takwimu na hesabu msiziogope, anayedisko (kuondolewa chuo kwa kufeli) kwenye uchumi mara nyingi hadiskoi kwa uchumi, anadisko kwa hesabu aliyoikimbia wiki ya pili, kwa hiyo tafuteni kikundi mapema, mtu aliyesoma hesabu sekondari (PCM au EGM) akae na mtu wa HGE ambaye hakuisoma wasaidiane, na sapu (mtihani wa marudio) isikukute hujawahi kwenda ofisini kwa mwalimu hata mara moja. Andikeni kila wiki ukurasa mmoja kuhusu kitu kimoja mlichokiona sokoni au kijijini, bila istilahi, alafu mpeni mtu ambaye hasomi uchumi aone kama anaelewa. Ma-TA jitoleeni kuwa makatibu wa kamati mojawapo angalau mwaka mmoja, muone bajeti ya idara inavyokatwa. Na makala ile ya 1954 isomeni yenyewe sio muhtasari wake, ina hesabu kidogo sana na imeandikwa kwa lugha ya mtu anayetaka kueleweka. Sehemu ya kwanza inahusu uchumi uliofungwa, usiofanya biashara na nje, na ndiyo iliyopo kwenye slaidi zote. Sehemu ya pili, ile ya uchumi unaofanya biashara na nje, ndiyo yenye miwa na wale wafanyakazi wasio na viatu, wengi wanachoka kabla hawajaifika, kwa hiyo mkiona mnaishiwa nguvu anzeni na hiyo alafu mrudi nyuma.